Pikapu Inayopona Ikiangaliwa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umevunjika likawekewa tofali, na mbele yake jiko la mkaa na birika la kahawa. Siku hiyo kahawa ilichemka hadi ikakasirika, maana muuzaji mwenyewe alikuwa amesimama barabarani akitazama pikapu ya Sukuma. Walimwita Sukuma kwa sababu hajazaliwa abiria aliyepanda pikapu ile asishuke kuisukuma. Na leo, maskini, alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na uso wa mtu aliyefiwa. Mkewe ameruhusiwa kutoka hospitali pamoja na mtoto wao wa kwanza. Mama mkwe alishauri wakodi teksi. Sukuma, na mdomo wake ule, akajibu kwamba mwanawe hatoki hospitali kwa gari la watu, mama akae tu nyumbani, atapitiwa. Basi mama mkwe anangoja kupitiwa, mke anangoja getini, na pikapu inakohoa.

— Inakohoaje? aliuliza Injinia. Huyu jina alilipata kwa kutengeneza redio: kila aliyoifungua ilirudi kwa mwenyewe na skrubu kadhaa za akiba.

— Inakwenda vizuri, mara inamisi. Pu! pu! Kama inataka kuzima. Halafu inakaa sawa. Ukishukuru tu, pu!

— Kabureta hiyo. Magari ya zamani ugonjwa wao ni kabureta. Fungua boneti, bwana. Mficha uchi hazai.

— Mwenzio kashazaa, akadakia Kinyozi. Shida ni kumfuata mtoto.

Boneti ikafunguliwa. Injinia akaigonga kabureta kwa mpini wa bisibisi, akapuliza, akakaza skrubu, akailegeza ileile. Injini ikatulia tuli. Ikanguruma kwa heshima zote.

— Mmesikia? Mkono huu! alisema Injinia, akiuonyesha mkono wake kwa wapita njia.

Sukuma hakungoja kushukuru. Akabamiza boneti, akarukia usukani, akaondoka. Hata kona hakuifikia. Pu! pu! pu! Akarudi kinyumenyume, shingo nje ya dirisha, benchi zima likimtazama kwa huruma ya watu wasio na safari.

— Umeikanyagia mafuta kwa pupa, Injinia akajitetea. Kabureta inataka adabu.

— Kabureta gani! akasema Kinyozi. Hiyo ni plagi. Moto unaruka pale juu kwenye plagi, nafasi ikiwa kubwa, moto unachoka njiani. Zima, fungua boneti.

Akazitoa plagi, akazisugua kwa brashi yake ya kusafishia mashine za kunyolea, kisha akaanza kuzibana ncha kwa koleo, ulimi nje.

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema.

— Hizo plagi zimekuzidi umri, Sukuma akamwambia. Ubichi wake uko wapi?

— We nyamaza, mgonjwa hamfundishi daktari.

Plagi zikarudi, injini ikawashwa, ikaimba tena. Benchi likapiga makofi. Kinyozi akainama kama mtu aliyetunzwa. Sukuma akabamiza boneti, akaondoka, na safari hii alifika mpaka kwenye tuta. Gari likaruka tuta, likakohoa pu! pu!, likajikongoja kurudi.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe.

— Baba, uko wapi? Tumeshatoka wodini. Jua linamfuata mtoto, namhamishahamisha tu.

— Nakuja, mama. Niko njiani.

Na kweli alikuwa njiani; gari ndilo lilikuwa halimo safarini. Alikata simu. Sasa aliogopa kwelikweli. Mtoto angali hajui kutazama sawasawa, na tayari baba yake kashamdanganya.

— Mimi nitasema ukweli, alianza Mzee Kahawa, muuzaji wa kahawa, aliyekuwa amejizuia muda wote. Hilo gari lina wivu.

— Lina nini?

— Wivu! Miaka yote mmekuwa wawili tu. Leo limesikia linakwenda kumpakia mtu mpya. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni anakuja, mwenyeji anaugua. Kaa nalo uliambie kwa upole.

— Mzee, nizungumze na gari?

— Si umeshazungumza nalo? Mpaka matusi tumeyasikia. Fungua boneti, lisikie vizuri.

Nyinyi mngefanya nini? Sukuma akafungua boneti. Akainama, akaiambia injini kwa sauti ndogo kwamba hakuna atakayechukua nafasi yake. Na injini, wallahi, ikatulia.

— Ala! Kinyozi akashika kichwa.

— Si niliwaambia? akasema Mzee Kahawa.

— Ni kabureta yangu hiyo, imechelewa kukubali, akasema Injinia, na ubishi ukalipuka upya, kila mtu akiidai dawa kuwa yake.

Katikati ya kelele hizo ndipo sauti ya kike iliposema hodi. Mama mkwe. Amekuja kwa miguu, kikapu mkononi, chupa ya uji imechomoza, vumbi limefika vifundoni. Benchi zima likasimama.

— Shikamoo mama, Sukuma akasema, akitamani tuta lile limmeze.

— Marahaba. Nimengoja mpaka nimeona haya mbele ya majirani. Gari lina nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja: kabureta, plagi, wivu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama injini iliyokuwa ikinguruma vizuri mbele yake.

— Mbona haikohoi?

— Hapa haikohoi, mama. Inakohoa nikiondoka.

— Sasa ikiwa inakohoa, hicho kifuniko kinakuwa wazi au kimefungwa?

Injinia akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mzee Kahawa. Mzee Kahawa akaenda kutazama kahawa yake.

Sukuma akaishusha boneti taratibu. Pu! pu! Akaiinua. Kimya, raha mustarehe. Akazima, akaingiza kichwa, na hapo akauona: waya wa plagi uliopanda juu kuliko wenzake, ngozi yake imelika, na juu kwenye chuma cha boneti alama nyeusi palipokuwa pakiugusa. Moto ulikuwa unakimbilia kwenye boneti badala ya kwenda kazini. Wakauvisha kipande cha mpira wa baiskeli, wakaufunga chini kwa kamba, na hakuna aliyetaja methali.

Hospitali walifika bila kikohozi. Mkewe alikuwa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kanuna, lakini alipomwona mumewe kapakaa grisi mpaka masikioni, akashindwa, akacheka. Mama mkwe akampokea mtoto, wakapanda, Sukuma akaondoa gari polepole, masikio yote kwenye injini.

— Pu!

Akafunga breki, akafungua mlango, mguu mmoja ukawa chini kabla mama mkwe hajamshika shati.

— Rudi ukae, baba. Hiyo ni chafya ya mwanao.