Mfuateni Elgi, Mniache Mimi

Kaeni, wanangu, lakini msivue viatu. Ragna, acha kunitengenezea mto, mto hauna kosa. Na wewe Sivert usiutazame ukuta, ukuta haukukulea. Pumzi niliyobaki nayo inatosha kunena mara moja tu. Daktari amekwisha kusema, kwa ile sauti yao ya pamba, kwamba ni leo au kesho, basi nisikilizeni bila kulia, kwa sababu kilio kitakula muda, na muda huu si wangu peke yangu: huko nje yuko elgi dume, lile jitu la kulungu la misitu yetu ya baridi, mkubwa kuliko farasi wa kulimia, tangu jana alasiri anaburura jeraha alilopewa na nyumba hii, na mvua inaosha damu yake majanini huku ninyi mmekaa hapa kunishika mikono.

Najua mlitaka kunificha. Mlikuwa jikoni mkinong'ona, "Mama asijue, atakwenda na huzuni," mkadhani anayekufa huanza kufa masikio. Mficha maradhi kifo humuumbua, na jeraha la mnyama ni hivyohivyo.

Sivert, nimeelewa ulichofanya, na ulikifanya kwa mapenzi, ndiyo maana kinaniuma. Ulifungua kabati langu ukachukua risasi zangu nzito, zile nilizozijaza mwenyewe kwenye meza ya jikoni wakati mikono hii ilikuwa bado mikono, ukasema msimu huu elgi wa kwanza aanguke kwa risasi ya Mama. Maneno mazuri sana, yangefaa kuandikwa juu ya keki. Lakini bunduki yako uliipima shabahani kiangazi chote kwa risasi nyepesi za shaba, na bunduki haijui mapenzi, inajua uzito. Ukiibadilishia risasi bila kuirudisha kwenye shabaha, itapiga kwingine. Ukalenga bega, ukavunja mguu. Heshima mlinipa mimi, gharama akalipa elgi.

Hapana, usiniambie ulidhani. Kudhani ni kwa wachumba.

Basi hili ndilo neno langu kuhusu risasi, mlishike kuliko vijiko vya fedha, ambavyo mnaweza kuvigombania mpendavyo. Kulungu mdogo ana mbavu kama za mwavuli. Mpigeni kwa risasi inayofunguka na kuchanua mapema, maana ile ngumu itampita kama sindano, naye atakimbia mbali akifa polepole. Elgi ni ukuta. Yeye anataka risasi isiyovunjika kwenye mfupa, iingie huku na kutokea kule, ili damu ishuke pande mbili na mbwa apate la kufuata. Ile ya kulungu itampasukia juu ya bega na kumwachia kidonda kikubwa cha bure. Hizi zangu za zamani zenye kiini cha madini ya risasi, zipelekeni mahali zinapopokelewa taka za sumu. Baba yenu alizipenda, nami nilizipenda, lakini zinaacha vumbi ndani ya nyama, na watoto wa Ragna ndiyo kwanza wanaota meno, na nyama ya kusaga haichagui mlaji. Za shaba hazina vumbi hilo, ila zinataka mwendo wa kasi ndipo zifunguke, kwa hiyo sogeeni karibu; fimbo ya mbali haiui nyoka, na wale wanaojisifu dukani kwamba walimwangusha elgi ng'ambo ya bonde, waulizeni ni wangapi walioondoka wakichechemea. Chagueni moja inayofaa, ipimeni, mbaki nayo. Wala msiibadilishe asubuhi ya mawindo kwa ajili ya kumpendeza mtu, awe mzima au maiti.

Nipe maji. Kidogo.

Msitu msiugawanye. Haki ya kuwinda hufuata ardhi, na mkiukata vipande vidogo visivyoruhusiwa kuwindia, kila mmoja atabaki na mahali pa kuokotea uyoga. Bunduki yangu ni ya Ragna, ana subira. Na usinune, Sivert, wewe chukua trekta, mnaelewana nalo.

Sasa niambieni: amevuka kijito, sivyo? Nilijua Sivert aliporudi kuutazama ukuta. Yuko msitu wa jirani yetu Torgrim, na huko hamwendi bila ruhusa yake, na mbwa wetu pua imezeeka, wakati Tussa, mbwa wa Torgrim, hufuata damu hata baada ya mvua. Hamkumpigia simu kwa ajili yangu. Mnakumbuka yule dume aliyepigwa kwetu akaenda kuanguka mpakani, Torgrim akasimama juu ya mzoga mbele ya kundi zima akasema, "Jorunn, chuo kikuu hakikukufundisha mpaka uko wapi?" nami nikamjibu, "Kilinifundisha kusoma ramani, Torgrim, ndiyo maana najua umesimama kwangu." Watu walicheka, na tangu hapo tunapishana dukani kama vipofu. Nilikuwa na haki, na bado ninayo, nizikeni nayo. Haimo katika urithi wenu.

Mwomba chumvi huombea chungu chake. Piga simu, Sivert. Hapa hapa, nisikie. Ongeza sauti.

Mmemsikia? Mzee yule hakusema hata salamu. "Mbona mmekawia? Risasi yenu niliisikia jana, na tangu alfajiri kunguru wanalia upande wa kinamasi, mbwa nimeshamfunga kamba. Na safari hii leteni bunduki iliyopimwa." Bado ana ulimi. Vizuri. Angekuwa mpole ningeogopa.

Ragna, wewe ndiye upige. Chukua bunduki yako ya siku zote, siyo yangu, ile uliyoipima mwenyewe. Sogea mpaka uone... mpaka usiwe na shaka. Sivert amshike mbwa.

Usivue koti, Ragna. Nimesema... usivue. Muuguzi atakuja baada ya chakula cha mchana, na kabla hajaja nitakuwa peke yangu, nami sikuwahi kuogopa chumba kitupu. Mkirudi mkanikuta nimenyamaza, msinililie kwamba hamkuwapo. Mlikuwapo. Nimewaona.

Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza... Mungu awape macho, na miguu mikavu... na mpendane hata mkichukiana kidogo. Njooni niwaguse. Basi. Basi, inatosha.

Mimi nina shuka safi, na dawa ya muuguzi... Yule elgi amelala majini, mguu umevunjika, na hajui kwamba huku kuna msiba. Kati yetu wawili, wanangu... ni mmoja tu mnayeweza kumsaidia. Nendeni.