Afi Dzifa Kpodo na Moto Alioutoa kwa Mkono Wake
(17 Mei 1991 – 12 Machi 2025)

Wapendwa mliofika Torvikope, wa karibu na wa mbali, ketini. Huyu tunayemlaza leo hakuwahi kumsikiliza mtu akiwa ameketi, lakini ninyi tunawaomba mtusikilize hivyo.

Afi Dzifa Kpodo alizaliwa Ijumaa, tarehe 17 Mei 1991, hapa hapa Torvikope, karibu na Akatsi. Alikuwa mtoto wa tatu wa hayati Kodzo Kpodo na Bibi Esinam. Mama yake alikuwa akirudi shambani na muhogo kichwani, na mtoto hakungoja afike mlangoni. Baba akampa jina Dzifa, yaani moyo umetulia, akiamini jina humlea mtu. Jina lilijitahidi, likashindwa. Mama yake alipokwenda kufanya biashara Lomé, marehemu alilelewa na shangazi yake, Yawa Kpodo, ambaye tangu siku hiyo hakumaliza kikombe cha uji bila kuinuka kumtafuta.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia mwaka 1997, kisha akaendelea Akatsi hadi alipomaliza sekondari mwaka 2009. Kichwa alikuwa nacho. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, gwaride la uhuru la tarehe sita Machi lilipokaribia, alizunguka kwa jamaa wa Akatsi akakusanya viatu vyeusi vilivyochoka, akavipiga kiwi, akavikodisha kwa wanafunzi wenzake kwa kibaba cha karanga. Siku ya gwaride shule nzima iling'aa miguuni. Mbele ya safu alipita Dzifa, peku.

"Viatu vyako viko wapi?" shangazi yake akamuuliza.

"Vimepata mteja, Shangazi."

"Na wewe?"

"Mimi nina miguu."

Baada ya shule aliuza maji ya barafu kwenye stendi ya Akatsi. Akaacha, akachaji simu za watu kwa betri ya lori. Akaacha, akauza mitumba. Kila biashara ilipoanza kusimama aliikabidhi kwa ndugu na yeye akaikimbilia nyingine. Mwaka 2013 akaanza kununua kwa akina mama wa hapa zile chenga za muhogo tunazoziita gari, akazipeleka Tema na Accra.

Mwaka uliofuata shule moja ya bweni ilimwagiza shehena kubwa. Kila mtu hapa anajua kwamba muhogo ukishakunwa hukaa chini ya mawe siku nne, utoe maji na uchachuke, ndipo ukaangwe. Dzifa aliona mawe yanamchelewesha. Akayaondoa siku ya pili. Zikakaangwa chenga nyeupe, nzuri kwa macho, bado na unyevu ndani. Kufika kule zimeota ukungu, na mpishi mkuu wa shule akazirudisha kwa lori lile lile.

Dzifa aliingia jikoni kwa shangazi yake, akavuta kigoda, akaketi. Shangazi aliogopa kuliko siku ya msiba.

"Nimewaaibisha akina mama, Shangazi. Nani atapokea tena gunia la Torvikope?"

"Kimbiza basi, kimbiza mteja, kimbiza hata mwanamume. Muhogo haukimbizwi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi inuka. Ukikaa hivyo unanitia homa."

Akainuka. Kuanzia siku hiyo mawe ya Dzifa yalikaa siku zake, na yeye ndiye aliyezunguka wakati yanakaa. Akanunua mashine ya kukunia, akaongeza vikaangio, akanunua lori, kisha la pili. Mwaka 2019 akafungua kiwanda nyuma ya kanisa, kilichoajiri wanawake arobaini na kununua muhogo wa vijiji saba. Chenga za Torvikope zikaliwa hadi Lomé na Cotonou. Wale waliokuwa wakisema "msichana huyu ana mchwa miguuni" wakaanza kuwaleta binti zao awape kazi.

Alifunga ndoa na Mwalimu Edem Fiadzo tarehe 3 Desemba 2016. Mwalimu alihangaika kwa miezi kupata nafasi ya kuzungumza naye. "Kwani nikitaka kusema nawe nifunge safari?" akamwuliza. "Panda lori," akajibiwa, "tutasema njiani." Akamposa juu ya magunia, kwenye daraja la Sogakope. Mungu akawajalia Selasi na Yayra.

Mwaka 2023 figo zikaanza kumsumbua. Akawa anakwenda Accra kusafishwa damu, simu sikioni, akiuliza mvua imenyesha wapi na muhogo wa nani umeng'olewa. Hofu yake ilikuwa moja, na alimwambia shangazi yake waziwazi. Katika ukoo huu mwenye moto akifa, moto wake huzimwa mpaka azikwe, na kuzika huchukua wiki. Muhogo uliong'olewa huoza siku ya tatu. "Wakizima, vijiji saba vitauza kwingine na wanawake wangu watatawanyika. Nitakuwa nimekimbia bure, Shangazi."

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, miguu ikiwa imevimba, alimlazimisha mumewe amlete kutoka Accra. Tulidhani ni ule ule mwasho wake wa kutotulia. Alifika jikoni kwa shangazi yake, kwenye jiko alilokaangia kwanza, akatwaa kaa la moto kwa koleo. Akatembea nalo mwenyewe, akipumzika chini ya kila mti, mpaka kiwandani. Akamkabidhi Enyonam Akpalu, mkaangaji wake wa kwanza. "Washa," akasema. Usiku ule akarudishwa Accra, na Jumatano, tarehe 12 Machi, alfajiri, akafariki hospitalini, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Baba Mkubwa Agbesi, mkuu wa ukoo, akaita kikao. "Desturi ni desturi. Kiwanda kizimwe."

"Moto wa nani, kaka?" shangazi akauliza.

"Wa marehemu. Unaniuliza kama mgeni?"

"Marehemu hana moto. Aliutoa akiwa hai, kwa mkono wake, na wewe ulikuwa umesimama pale unamwambia akalale."

Baba Mkubwa akacheka, machozi yakimtoka. "Mtoto huyu. Hata kifo kakiwahi sokoni." Akaamuru kuni ziongezwe.

Marehemu ameacha mama yake, Bibi Esinam, mume, Mwalimu Edem, watoto, Selasi na Yayra, kaka wawili, shangazi yake Yawa, Baba Mkubwa Agbesi, na Enyonam na wenzake wa kiwandani, ambao wachache wao hawapo hapa makaburini kwa sababu wako zamu.

Kwa hiyo moshi huo unaowaingia machoni msiuone kuwa ni utovu wa adabu. Ni muhogo uliokunwa Alhamisi, umekaa siku zake zote chini ya mawe.

Dzifa, mama, kazi inaendelea. Hakuna anayekuita. Vuta kigoda chako, uketi, na Mungu aupoze moyo wako.