Wembe Hana Mtu

Kama mabao yangefungwa kwa mdomo, kijiwe cha mbele ya duka la kinyozi kingekuwa na makombe hadi uvunguni. Ni ubao mmoja mrefu, zamani ulikuwa mlango, umelazwa juu ya matofali, na wanaoukalia wamekuwa wakiitengeneza dunia hapo miaka nenda miaka rudi, kahawa mkononi. Siku hiyo walikuwa wamekasirika kwelikweli. Redio ilikuwa imetaja majina ya vijana wanaotazamiwa kuziba pengo la winga wa kikosi cha kwanza, yule aliyevunjika mguu, na jina la Wembe halikuwemo. Wembe! Mguu wa kushoto wa dhahabu, mtoto wa mtaa huu, mpwa wake kinyozi mwenyewe! Kinyozi huyo, ambaye kwa ajili ya kijana mtaa mzima humwita Mjomba, alikuwa amefunga duka mapema na kuvaa shati lake la kutokea. Asubuhi Wembe alipita dukani na begi lake, akamwambia kwamba leo saa kumi timu ya akiba ina mechi, na kocha mkuu anakuja mwenyewe kumwangalia. Leo ndiyo leo, akivurunda basi tena. "Utakuja, Mjomba?" "Nitakosaje?" Kwa hiyo Mjomba alikuwa njiani kwenda mpirani. Alikaa tu kidogo apate kikombe kimoja.

— Huu ni uhuni! — alianza Mzee Kamati, mstaafu wa ofisi ambaye hakuna kamati mtaani ambayo hajawahi kukaa, kuanzia ya mazishi hadi ya mitaro. — Uhuni mtupu! Wametaja watu watatu, na mmoja wao ni yule anayekimbia kama mtu aliyepoteza kiatu!

— Namjua, — alisema Sindano, fundi cherehani. — Akipewa mpira anaushika kama kapakatishwa mtoto wa watu.

— Halafu mpwa wangu asugue benchi la timu ya akiba! — Mjomba alipiga paja lake. — Kijana anayepiga chenga hadi kivuli chake kinabaki nyuma! Kwa nini? Mtu mmoja aniambie, kwa nini?

— Wivu, — alisema Mzee Kamati. — Kocha alipigwa tobo.

— Na nani?

— Na Wembe, mazoezini. Kocha kajitia kijana, kaingia kuonyesha namna ya kukaba. Mpira ukapita katikati ya miguu yake kama mgeni anayejua njia. Wachezaji wakacheka. Hata mbwa wa mlinzi alicheka.

— Ulikuwepo, Mzee?

— Mambo makubwa hayahitaji mtu kuwepo.

Mama Kahawa aliguna, akamjazia. Yeye hukaa kwenye kigoda chake mwisho wa ubao, birika juu ya makaa, na husikia kila kitu na kuamini robo.

— Mimi siafiki, — alisema Pampu, fundi baiskeli, ambaye alikuwa na gurudumu katikati ya magoti na mikono myeusi kwa grisi. — Mimi naona tatizo ni upepo.

— Upepo gani tena?

— Upepo wa mpira! Wanaujaza kupita kiasi, makusudi. Wembe ana mguu laini, mpira mgumu unamdunda unakwenda zake. Wale wenye miguu kama nyundo ndio wanaufurahia. Nimejaza matairi maisha yangu yote, msinifundishe. Anayeshika pampu ndiye anayepanga timu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo wanavyofanya, wanaongeza kidogo kidogo refa asione.

— Wahenga hawakuwa na pampu, — alisema Sindano. — Tatizo ni jezi. Mmewahi kuitazama ile jezi yake? Imekatwa kombo, inambana kwapani. Sasa winga asiyeweza kuinua mkono ataombaje pasi? Na hilo limesemwa waziwazi tangu zamani: kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni! Hawakusema benchini.

— Umenena, — alisema Mjomba, ingawa hakuwahi kuiona hiyo jezi kwa karibu.

Mama Kahawa akashindwa kuvumilia.

— Na ile ndoo ya maji aliyoipiga teke ikamwogesha meneja, nayo ilishonwa vibaya?

Sindano aliinamia kikombe chake.

— Alikuwa na uchungu, — alisema Mjomba.

— Na mazoezi asiyokwenda?

— Alipitiwa na usingizi. Binadamu halali?

— Na yule beki aliyempiga kichwa?

— Alimtukania mama, — alisema Mjomba kwa sauti ya chini.

Hapo hakuna aliyetania. Mama wa Wembe alikuwa dada yake Mjomba, tumbo moja, na hajamaliza mwaka kaburini. Tangu kijana akicheza peku, dada huyo hakukosa mechi hata moja. Alikuwa akisimama mstarini na khanga kiunoni, na sauti yake ilikuwa ikisikika hadi goli la pili. Wembe alizaliwa na hasira za karibu, lakini akianza kupandisha, mama yake humwita mara moja tu kutoka pale mstarini, na kijana hutulia kama maji ya mtungi. Walipomzika, ndipo mambo ya ndoo na vichwa yalipoanza. Mjomba analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana kila Wembe alipomwomba aje, alijibu, "Nitakosaje?" Na kila mara palitokea kichwa cha kunyoa, na kila kichwa kilikuja na swali juu ya Wembe, na Mjomba hawezi kusikia mpwa wake akisemwa akanyamaza.

— Mjomba, huendi? — aliuliza Mama Kahawa. — Jua hilo linapinda.

— Naenda, naenda. — Mjomba akasimama, akakung'uta suruali.

— Kabla hujaondoka, — Mzee Kamati alimshika mkono, — nikupe siri. Hii usiipeleke popote.

Mjomba akaketi tena. Nani angeondoka?

— Wanamficha, — alisema Mzee Kamati kwa kunong'ona, na ubao mzima ukainama. — Klabu kubwa za nje siku hizi haziangalii wachezaji kwa macho. Zina mitambo. Inaangalia kutoka juu.

— Juu wapi?

— Juu! — Mzee alionyesha mbinguni kwa kikombe. — Setilaiti. Wembe akicheza dakika kumi tu, wamemwona, wamemchukua. Kocha analijua hilo. Sasa niambieni, lile benchi la wachezaji wa akiba limeezekwa kwa nini?

— Bati! — Pampu aliacha gurudumu. — Kweli lina bati!

— Umeona? Jua gani la kumwekea mtu bati, na wachezaji wenyewe wanakimbia juani? Lile ni la kumfunika Wembe. Wahenga waliona mbali, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kocha akichelewa kumfunika, kijana kaondoka!

Pampu alitazama juu kwa siri, akafunga vifungo vya shati lake. Kwa Mjomba ule msemo wa mwisho ulipita vibaya kifuani, hata mwenyewe hakuelewa sababu. Lakini hasira ilikuwa imeshapanda, na hasira ya kijiweni ni tamu, ina sukari kuliko kahawa.

— Hatukubali! — alifoka. — Kijana yatima, hana mama wala baba, wanamfanyia hivi kwa kuwa wanadhani hana wa kumsemea! Hatukubali hata kidogo!

— Tuunde kamati, — alisema Mzee Kamati.

Alilisema kama mtu aliyekuwa akisubiri. Na basi, jamani, kamati ikaundwa. Kamati ya Kumtetea Wembe. Palikuwa na mabishano makali juu ya nani awe katibu, maana Sindano ana mwandiko mzuri lakini Pampu ana kalamu. Wakakubaliana mmoja aandike na mwingine amiliki kalamu. Mzee Kamati akajitwika ushauri. Mjomba alichaguliwa mwenyekiti kwa kauli moja, akainuka kushukuru, akawaahidi wajumbe kwamba hatalala mpaka haki ya mpwa wake ipatikane, na mwenyekiti hawezi kuondoka katikati ya kikao, kwa hiyo akakaa. Mama Kahawa alimtazama, akatazama jua, akatikisa birika. Lilikuwa jepesi.

Ndipo alipotokea mwanamke mmoja wa makamo, mgeni pale mtaani, raba miguuni, jasho usoni. Mkono mmoja alishika sufuria kuukuu, wa pili alishika mwiko wa mbao.

— Hamjambo, kaka zangu?

— Hatujambo, dada. Karibu kahawa.

— Ahsanteni, nina haraka. Samahani, eti timu ya akiba leo inacheza kiwanja gani?

Wakatazamana.

— Si kile cha siku zote, — alisema Pampu. — Kule nyuma ya shule.

— Nimetoka huko. Kiwanja chote kimechimbwa, wanaweka mabomba. Mafundi wanasema hapajachezwa mpira miezi mingi sasa.

— Sufuria ya nini, dada? — aliuliza Mzee Kamati, kwa kuwa swali hilo lilikuwa rahisi zaidi.

— Ya kupigia kelele. Mwanangu ndiye kipa wao. Kaniambia, mama, leo njoo na kelele. Nikamwuliza, umeanza lini wewe kutaka kelele? Akasema si zangu, ni za Wembe. Kocha mkuu anakuja kumwangalia yeye. Na Wembe kila mechi, kabla haijaanza, anatazama mstarini kama anatafuta mtu. Anatazama weee, halafu anaanza kucheza kwa hasira, na hasira zinamharibia. — Alijifuta jasho kwa mkono wenye mwiko. — Wenzake wote wana watu wao pale. Yeye hana mtu.

Kijiwe kililipuka.

— Hana mtu?

— Wembe hana mtu? Wembe huyu?

— Wewe mama, umetoka wapi wewe? — Sindano alikuwa amesimama. — Wembe ni wetu! Tangu saa nane tunamlilia hapa!

— Ana kamati! — alisema Mzee Kamati, akimwonyesha Mjomba kwa mikono miwili. — Mwenyekiti huyu hapa mbele yako!

Uso wa yule mama ukang'aa. Hakuwa na kejeli hata chembe, alifurahi kwa dhati.

— Alhamdulillahi. Basi nipelekeni. Kiwanja chenyewe kiko wapi?

Pampu alizungusha gurudumu lake, likalia tiki tiki tiki, likasimama. Sindano aliketi polepole. Mama Kahawa aliinamisha birika kwenye kikombe cha mwenyekiti na zikatoka machicha matupu.

Mjomba alikuwa akitafuta kichwani, na alichokikuta huko kilimtia baridi. Kijana alikuwa amemwambia. Asubuhi ile, kasimama mlangoni na begi begani, akamwambia na kiwanja, akamwambia na njia ya kupita. Lakini kwenye kiti palikuwa na mteja, na mteja yule alikuwa amesema huyu mpwa wako ana kipaji ila adabu hana. Mjomba akamgeukia. Akamjibu! Akamjibu jibu la kumtosha, mashine mkononi, mpaka mteja akaondoka na nusu ya kichwa. Na muda wote huo nyuma yake kulikuwa na sauti ya Wembe ikieleza njia, na Mjomba aliisikia vile unavyoisikia redio ya jirani. Alipogeuka, pazia la mlango lilikuwa linacheza peke yake.

Akatoa simu, akapiga. Simu ya Wembe ilikuwa imezimwa. Mchezaji haingii uwanjani na simu.

— Nimeelewa sasa! — Mzee Kamati alipiga ubao. — Ni njama! Wamehamisha kiwanja makusudi ili sisi tusi...

— Nyamaza, Mzee.

Mzee Kamati aliondoa mkono ubaoni. Katika kamati zote alizokaa, hakuna mwenyekiti aliyewahi kumwambia hivyo.

— Tunakaa hapa tunatukana watu, — alisema Mjomba kwa ghadhabu, ila safari hii haikuwa ghadhabu ya kumfurahisha. — Kocha mbaya, jezi mbaya, upepo mbaya! Nani kati yetu amemwona mtoto huyu akicheza tangu tumzike mama yake? Nani? Mimi niliyemwosha akiwa kichanga sijui hata anakocheza!

Aliweka kikombe chini, akamgeukia yule mama.

— Dada, lete sufuria nikubebee.

— Wewe ni nani wake?

— Mjomba wake.

Yule mama alimtazama, akatazama shati la kutokea, akatazama na kikombe. Angeweza kusema mengi. Akampa sufuria, akabaki na mwiko.

Wakashika njia wasiyoijua. Pale kona kulikuwa na muuza mkaa anayefunga magunia yake, na Mjomba akamwuliza kama mgeni anavyouliza.

— Samahani, ndugu yangu, timu ya akiba inacheza wapi siku hizi?

— Ng'ambo ya reli, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Fanyeni haraka, nimeshasikia filimbi. — Muuza mkaa akainua uso, akamtambua. — Ebo! Mjomba? Mpwa wako anacheza, na njia unaniuliza mimi? Kwani hakukwambia?

— Aliniambia, — alisema Mjomba.

Akamwomba yule mama ampe na mwiko, akaanza kukimbia.