Kobe Wetu wa Sabuni

Ndugu Mwenyekiti, wanachama wenzangu wa ushirika, wazee shikamooni. Nimeombwa nisimulie kwa upole. Upole sina, mtanisamehe.

Mnanijua kuwa mtu wa kuzurura. Shule niliiacha ningali mdogo nikafuata reli, nikabeba mizigo stesheni ya Kilosa, nikakata mkonge. Kila nilipofika niliuliza: hiki kinatengenezwaje? Kambini kwenye mkonge ndiko nilikojifunza kupika sabuni, nikachonga muhuri wa mpingo wenye picha ya kobe.

Sabuni, mnajua, huja mche mzima, mwenye duka akaukata vipande kwa waya. Nikajiuliza, nikigonga muhuri nchani tu, anayepata kipande cha katikati atanijuaje? Basi nikagonga kobe mche mzima, kila kipande na kobe wake. Kutoka Mikumi hadi Munisagara akina mama wakawa wanasema, "Nikatie penye kobe."

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa mjini akachapisha kobe kwenye karatasi za sabuni yake. Niliomba ofisi ya alama za biashara isajili alama yangu, naye akaomba. Ofisi ikamwandikisha yeye!

"Sabuni yako haina karatasi," ofisa akaniambia. "Alama hukaa kwenye karatasi."

"Karatasi inatupwa dukani kabla mche haujakatwa!"

"Usinipigie kelele, ndugu. Nenda."

Ndugu zangu, nawaambia, nusura nimrukie. Nikakatazwa kumgonga kobe, na sabuni isiyo na kobe hakuna aliyeigusa. Watu wa Dumila wakanicheka: "Kobe kakushinda mbio?" Pipa la kupikia likashika kutu. Nikarudi kukata mkonge, mtu mzima, mgongo unawaka, huku nikiona kobe wangu dukani kwenye sabuni ya mtu mwingine.

Katibu wa kijiji ndiye aliyeniambia kwamba uamuzi ule una rufaa, akaniandikia. Jaji alisikiliza, kisha akasema ofisi haikuitazama sabuni yenyewe wala haikuwauliza wanaoinunua. Akautengua uamuzi. Nikasimama nishangilie, kumbe bado anasoma: shauri lirudi ofisini, lipimwe upya.

Lirudi kwa walewale! Nilitoka pale nikitukana njia nzima. Nilipofika Munisagara nikamwambia mama mmoja muuza mihogo, mteja wangu wa siku nyingi, kwamba muhuri nautupa mtoni.

"Acha upuuzi," akanikemea. "Jaji hajakunyima. Amewaamuru watazame walichokataa kutazama. Sasa wewe utawapelekea nini wakitazame? Hasira?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Tukazunguka nyumba hadi nyumba kuomba vipande vya zamani, na watu wakavitoa: vingine vimeliwa na maji, kobe kabaki mgongo tu. Mama yule akafuatana nami ofisini. Yule ofisa, bila haya, akauliza tena karatasi iko wapi.

"Mwanangu, kwenu mnafulia karatasi?"

Mama akavimwaga vipande mezani. Kisha akatoa mche wa yule tajiri, akaubandua karatasi, akaukata kwa waya palepale. "Nionyeshe kobe hapo." Hakukuwa na kobe. Mkubwa wa ofisa akaja, akageuza kipande kimoja kimoja, akawahoji na wanawake wengine tuliokwenda nao. Wakafuta jina la tajiri, wakaandika langu. Radhi? Hawakuniomba mpaka leo, na mimi sijapoa.

Asante katibu. Asante mama, simama wakuone! Asanteni mlionichangia nauli na mliotoa vipande ambavyo bado vilikuwa na povu.

Ninalowaachia ni hili: shauri lako likirudishwa, usidhani umefukuzwa. Uliza ni kitu gani hawakukitazama, ukawawekee mezani, na usiende peke yako. Mimi peke yangu nilifukuzwa kama mbwa. Ndiyo sababu leo nauandikisha muhuri huu kwa jina la ushirika. Anayemtaka tena kobe, aje atukute wote mlangoni.