Mackrine na Diski Iliyokuwa Kubwa Mno

Marehemu Mackrine Ndyamukama alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Bweranyange, mtoto wa pili wa Mzee Rwegasira Ndyamukama na Mama Stephania, aliyeongoza kwaya ya usharika. Tangu utotoni hakuvumilia kitu kibovu. Redio ikikwaruza, aliifungua kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari Kayanga, na mwaka 2007 alihitimu stashahada ya kompyuta jijini Mwanza. Tarehe 5 Desemba 2009 alifunga ndoa na Eliud Niyitegeka wa Nkwenda, Kyerwa, mtu mpole, na upole ulihitajika.

Mwaka 2019 umoja wa kwaya ulimwajiri kuhifadhi nyimbo za zamani. Mashine iliyozitunza ilikuwa ikizimika ovyo, na humo ndimo ilimobaki sauti ya mama yake, aliyefariki mwaka 2011. Haikuwepo kwingine. Diski kubwa ikanunuliwa. Mackrine alipoanza kuweka hifadhidata, programu ikajibu: nafasi haitoshi. Viongozi, kwa wema wao, wakanunua diski kubwa zaidi. Nafasi haitoshi.

"Mama Joyness, ndizi zinapoa," Eliud alimwita.

"Acha zipoe! Diski tupu kabisa, halafu inaniambia imejaa!"

"Si waongeze nyingine?"

"Baba Joyness, atakayeongeza tena nitamfungia humo! Ukubwa ndio tatizo. Programu hii ya zamani haijui kuhesabu mpaka huko. Ikizidiwa, inaona hakuna nafasi."

Kesho yake aliigawa diski vipande vidogo, kama kibanja cha urithi. Hifadhidata akaiweka kwenye kimoja, nyimbo akazipanga kwenye vingine. Programu ikatulia. Wiki ile ile mashine ya zamani ilizimika, isiwake tena. Nyimbo zilikuwa zimeshavuka.

Novemba 2024 aligundulika na maradhi ya figo. Hata wodini aligombana na kipimo cha presha kilicholia bila sababu. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, Joyness na Ainebyona, baba yake mzazi, na kaka yake Projest, anayesoma wasifu huu.

Aliagiza azikwe kwa wimbo wa mama yake. Jana Joyness aliandika jina la bibi yake kwenye kompyuta. Sauti ikatoka mara moja. Mtaisikia sasa hivi.

Imekubali, Mackrine. Pumzika kwa amani.