Jua la Mtumba

Benchi letu pale Njoro, nje ya mashine ya kusaga, lilikuwa la kanisani. Kanisa lilipopata viti vya plastiki, benchi likastaafishwa, nasi wastaafu tukalichukua. Tunaegemea palepale tulipokuwa tukiegemea kusinzia wakati wa mahubiri, na mimi nimo, Mungu anisamehe. Kahawa na kashata anatuuzia Mektrida, jiko lake la mkaa likiwa miguuni petu kama paka. Mimi naitwa Shemasi, ingawa cheo changu chote kanisani ni kupanga hivyo viti vya plastiki. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Julai, mlima umejifunika, baridi ya kuweka mikono kwapani, na Mzee Sifael akashuka kutoka Old Moshi akakaa bila kumsalimia mtu.

Sifael alikuwa dereva wa serikali. Amewaendesha wakubwa mpaka mgongo ukagoma, sasa anaishi na mkewe Eunike kwa pensheni na maziwa ya ng'ombe mmoja. Nguzo za umeme ziliishia ng'ambo ya korongo, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka wakachoka. Mwaka jana akataka sola, na benchi zima lilikaa kumsaidia kuchagua. Kununua taslimu alishindwa, kwa kuwa kiinua mgongo chake kilikwisha kwenye ada za binti yao Kindness. Kulipa kampuni kila wiki kwa simu aliogopa, maana mzee husahau, na ukisahau wanakufungia taa. Kikoba cha mkewe, kile chama cha akina mama cha kukopeshana, kilikuwa na foleni. Mwishowe akakopa kwenye saccos, chama cha akiba na mikopo cha wastaafu, kinachokata kidogo kila mwezi hukohuko pensheni inakotoka, kabla haijamfikia mkononi. Tulimpongeza. Sola ikafungwa, na kwa mwaka mzima hatukusikia habari nyingine isipokuwa taa zake.

— Taa zimekufa, akasema siku hiyo.

Hazikufa kwa mara moja. Ilianza redio, ikawa inakata kabla taarifa ya habari haijaisha. Ikafuata taa ya sebuleni. Sasa imebaki ya jikoni, nayo inawaka kwa muda wa kutosha kutafuta kiberiti.

Aliyedaka maneno hayo ni Elifuraha, tunayemwita Waziri. Alikuwa tarishi wa mahakama, na kwa kuwa alibeba sheria nyingi kwenye baiskeli, anaamini nyingine zilimwingia.

— Wanakukata, meku, akasema. Meku ndivyo tunavyomwita mzee kwetu, kwa heshima au kwa utani, inategemea sauti.

— Wananikata nani?

— Wenye mkopo. Makato hayajafika. Kwa hiyo wanakufungia kidogokidogo wakuone utasema nini.

— Umewapigia? nikauliza mimi.

— Shemasi, nikiwapigia si nitawakumbusha?

Tukaona ana akili. Ndivyo tulivyo watu wa pale. Hakuna aliyeona ajabu mtu kuogopa kuuliza habari za mkopo wake mwenyewe. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, tena kwa nguvu.

Waziri akasogeza kikombe.

— Dhamana uliweka nini?

— Waliniambia dhamana ni mtambo wenyewe. Nikishindwa wanakuja kuufungua wanaondoka nao.

— Walikuambia. Je, ulisoma?

Sifael akajishughulisha na vifungo vya koti. Waziri akaeleza kwamba samansi nyingi alizopeleka milimani zilianza hivyohivyo, na mtambo wenyewe, zikaishia kwenye kihamba.

Neno hilo lilimwingia Sifael kama maji ya baridi. Kihamba, kwa asiyetoka kwetu, ni shamba la migomba na kahawa la kurithi, nyumba imo ndani yake, na makaburi ya wazee wako yamo pia. Mama yake Sifael amelala hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mtu wa kwetu anaweza kupoteza gari, hata kazi, akaja benchini akacheka. Kihamba hapana.

Hapo ndipo Sifael akasema jambo lililokuwa limemfunga mdomo tangu afike. Ameamua kumuuza ng'ombe, alipe deni lote mara moja, wasipate sababu ya kukanyaga shambani. Dalali anapanda kumwona leo. Eunike hajaambiwa.

Wenzangu wakashtuka, mimi nikatazama kahawa yangu. Nisifiche. Dalali huyo nilimtafuta mimi. Jana yake Sifael alininong'oneza shida yake pembeni, nami badala ya kumwambia tusali kwanza, nilitoa simu. Nilijiambia namsaidia ndugu. Ni kweli, lakini nilikuwa nimeshaiona na asante ya dalali mfukoni mwangu.

Basi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzungumza habari za yule ng'ombe, tukarudi kwenye taa. Babu Spea akashika zamu. Jina lake ni Suresh, aliuza vipuri vya baiskeli mjini Moshi miaka mingi kabla hajamwachia mwanawe duka, na ni mtu wa taratibu sana, hata upuuzi anauongea kwa adabu.

— Mzee mwenzangu, mkopo hauna kosa, akasema. Kosa ni la jua. Jua linaanzia kwa Wakenya. Wakimaliza linakwenda Rombo, pale Mkuu wanaanika mahindi yao. Ndipo linazunguka mlima kuja kwenu. Hilo ni jua la mtumba. Utapata wapi nguvu?

Mektrida akasema hapana, tatizo ni jirani. Ng'ambo ya korongo kuna mtu amefunga paneli mpya mwezi uliopita, na paneli changa huivuta nguvu ya ile kongwe, kama ndama mkubwa anavyompokonya mdogo chuchu. Waziri akamwambia hajui kitu. Wanaolimaliza jua ni watalii. Amewaona kwa macho yake wakipanda mlima na vipaneli vimefungwa mgongoni, wanalichota kulekule juu kabla halijashuka, wapate kuchaji simu za kujipigia picha.

— Na serikali inawatoza kiingilio cha mlima tu, akasema. Jua wanachukua bure.

Walinigeukia mimi. Nikasema labda ni sadaka. Taa ziliingia nyumbani kwa Sifael mwaka mzima umepita, na sikumbuki kuona mkungu wake wa ndizi kwenye mnada wa kanisa. Kwetu mtu akipata jema hupeleka mazao madhabahuni, na baada ya ibada yananadiwa uani. Nikasema Mungu hakati taa, lakini anaweza kuzipunguza mwanga kidogo. Nilisema kwa sauti ya mahubiri, mimi niliyemwita dalali.

Sifael akainamisha kichwa.

— Mkungu upo, akasema. Mama Kindness ameuweka kabisa kwa ajili hiyo, anangoja ukomae, auchukue mwenyewe siku ya mavuno. Kila siku naambiwa nisiuguse.

Wakati huo akaja mke wa kijana anayeendesha mashine ya kusaga. Anaitwa Brenda, ameolewa juzi kutoka Singida, na hapo kijiweni alikuwa hajawahi kusimama zaidi ya kununua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alikuwa amesikia kipande cha mwisho. Akasubiri Mektrida amfungie kashata kwenye karatasi, kisha akamgeukia Sifael.

— Samahani, babu. Juzi mume wangu alinipandisha huko Old Moshi kwa shangazi yake. Njiani ananiambia hapa ni kwa fulani, hapa ni kwa fulani, mimi naona migomba tu. Nyumba hata moja sikuiona. Hiyo paneli yako, jua linaifikia?

Babu Spea akamtazama Sifael, na Sifael akaangalia juu, kwenye bati la mashine ya kusaga, kana kwamba paneli yake iko pale. Tulikuwa tumelifuata jua mpaka Kenya na mpaka kileleni. Kwenye paa la jiko la Sifael hakuna aliyelifuata. Mwenyewe hushuka kuja kwetu asubuhi ukungu haujaondoka, na akirudi jua limekwisha.

— Sijui, mwanangu, akasema.

Mektrida akatoa simu yake, akampa. Sifael akaishika kama kitu cha moto. Alipompigia mkewe, Mektrida akabonyeza sauti ikawa ya kusikika na wote.

— Baba Kindness, ni afadhali umepiga, Eunike akasema kabla hajaulizwa. Kuna mtu yuko hapa bandani. Anampapasa ng'ombe kiwele, anamfungua mdomo anamtazama meno. Anasema ametumwa na Shemasi. Shemasi gani?

Sifael alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Nikaichukua simu.

— Mama, ni mimi. Nimekosa. Mzee aliogopa watachukua kihamba kwa ajili ya taa, akataka kumuuza ng'ombe alipe. Nami nikamtafutia mnunuzi.

— Shemasi. Wewe ndiye uliyekuja kutuombea Krismasi?

— Ndiyo, Mama.

— Mrudishie mume wangu simu.

Nikairudisha. Tukamsikia akivuta pumzi.

— Nani anachukua kihamba?

— Wa saccos, Sifael akasema, sauti imekuwa ndogo. Makato.

— Yule wa saccos nilikutana naye kanisani Jumapili. Nilimwambia taa zimefifia, akasema makato yako yanafika kila mwezi, tuangalie kwenye paneli. Na dhamana ni mtambo wenyewe, Baba Kindness. Walisoma kwa sauti, nami nilikuwepo. Wewe ulikuwa unaikodolea macho ile taa ya mfano.

Babu Spea akafunga macho kama mtu aliyewekewa mto kichwani. Waziri akawa anatafuta kitu chini ya benchi.

— Basi hebu angalia, Sifael akasema. Kuna binti hapa anauliza kama jua linafika kwenye paneli.

Tukasikia hatua, kuku, kisha ng'ombe akilia karibu na simu. Paneli yao fundi aliifunga juu ya paa la jiko, upande wa banda, kwa kuwa mwaka jana upande huo ulikuwa wazi.

— Halifiki, Eunike akasema. Mgomba umeifunika yote. Ule wa karibu na banda.

— Upi?

Tukasikia majani yakisukumwa.

— Wa mkungu wa shukrani.

Chipukizi hilo lilikuwa la kufika gotini fundi alipokuja. Likanywa samadi ya ng'ombe, likapanda, likazaa, majani yakalala juu ya paneli kama blanketi. Eunike aliliona kila siku akimshukuru Mungu jinsi linavyonenepa. Sifael naye aliona, lakini migomba kwetu ni ya mama wa nyumba. Mwanaume hakati mgomba bila ruhusa, na huu ulikuwa umeshawekwa wakfu, kwa hiyo hakuutazama hata mara mbili.

— Haujakomaa vizuri, Eunike akasema. Lakini Mungu ataupokea hivyohivyo. Nitaukata sasa, na mgomba wake. Huyu mtu wako anaweza kuushika usidondokee kwenye bati, maana amekuja na nguvu zake bure.

Tukamsikia akimwita dalali, naye akiitika kwa unyenyekevu.

— Baba Kindness.

— Naam.

— Ungeniuliza.

Simu ilipokatika, Sifael alikuwa bado ameishika, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwapo pia. Nikamwomba radhi mbele ya wote. Akanisogezea kipande cha kashata alichokuwa amekimega, nasi kwetu hiyo inatosha.

Kesho yake Sifael hakushuka. Saa saba mchana simu ya Mektrida ikaita, akaiweka sauti ya wote. Upande wa pili hakukuwa na mtu anayezungumza, ila redio ikisoma taarifa ya habari, wazi kabisa, na nyuma ya redio ng'ombe akilia kudai majani. Sifael ameiweka simu mezani tusikilize.

Redio ya Mektrida ilikuwa inasoma taarifa ileile nyuma yetu, neno kwa neno. Hakuna aliyeisikiliza. Tuliinama wote watatu kwenye kile kisimu, Brenda naye akasimama na unga wake kichwani, tukaifuata habari ya Old Moshi mpaka michezo, mpaka hali ya hewa, na haikukata. Mektrida alipoinua birika kutuongezea, lilikuwa tupu, na hakuna aliyekumbuka kudai.