Marehemu Desmond Wickenden na Hopi za Bia Yake Chungu

Kasisi, dada yangu Beryl, ndugu na majirani, naomba radhi mapema, kwani familia ilitafuta mtu wa heshima wa kusoma historia hii, ikamkosa, ikaniangukia mimi Lionel Foord, shemeji wa marehemu, mzoefu wa majukwaa ya vichekesho, kwa hiyo nikiharibu, mjue mmeletewa kilichobaki.

Marehemu Desmond Percival Wickenden alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 hapa hapa Ottersham, Kent, mtoto wa pekee wa Bwana Cyril na Bi Maud, akasoma shule ya kijiji hadi 1962, kisha sekondari mjini Faversham hadi Julai 1967, alikotoka na cheti kimoja, cha kuogelea.

Tarehe 2 Oktoba 1967 aliajiriwa idara ya maji, akasoma mita za watu kwa miaka arobaini na moja bila kupandishwa cheo wala kukiomba, na tarehe 18 Juni 1977 akamwoa dada yangu, ambaye angeweza kabisa kumpata daktari wa meno, wakajaliwa Rosalind mwaka 1979 na Howard mwaka 1982, wote wawili wanywaji wa mvinyo, na kwa waliyoyaona kwenye ndoo za baba yao, nani atawalaumu?

Tuje kwenye bia. Mwaka 1985 marehemu alianza kupika bia chungu bandani kwake, na hapa Kent hata mtoto wa chekechea anajua kwamba kimea ni kimea, maji ni maji, lakini bia chungu ni hopi, yale maua ya kutia bia uchungu na harufu, kwamba ya aina ya Fuggle unayachemsha tangu mwanzo upate uchungu, ya Golding unayatupia mwishoni upate harufu, na yote unayachagua kwa pua, unasugua mawili matatu viganjani, yakinukia asali na udongo uliolowa unachukua, yakinukia jibini lililosahauliwa unaacha. Marehemu alisugua, akanusa, akachukua jibini.

Kila Septemba, shambani kwa Bwana Ambrose Hickmott, alifumba macho juu ya viganja vyake kama askofu anayebariki, hadi mzee Hickmott akamwuliza, "We Desmond, hizo unazinusa au unaziombea?" naye akajibu, "Niache mzee, hii ni sanaa, haikimbizwi," kisha akabeba gunia ambalo hata farasi angelala mbali nalo. Na kila Agosti, kwenye maonyesho ya kijiji, jaji wetu Bi Edna Luckhurst alionja, akameza kwa ujasiri, akasema, "Bwana Wickenden, hii ni bia au maji uliyofulia soksi?" nasi tukacheka, mimi kwa sauti kuliko wote, na bia hiyo hiyo nikaipandisha jukwaani kama kichekesho hadi mji wa Margate, ikanilisha miaka.

Yeye kombe la maonyesho hakulitaka. Alitaka jambo moja, alilomwambia Beryl kila mwaka, kwamba kabla hajaingia kaburini, mtu mmoja anywe glasi yake, aitue mezani, aseme, "Niongeze." Hakutokea. Mbwa wa kasisi aliilamba mara moja, Jumapili iliyofuata akaonekana kwa Wabaptisti, wasiogusa pombe.

Mwezi Novemba 2021 aligundulika kuugua mapafu, Septemba iliyofuata akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kwa Hickmott kuchagua hopi zake za mwisho, Desemba akapika lita arobaini kwa ajili ya leo, na tarehe 9 Januari 2023, saa nne asubuhi, akafariki nyumbani kwake, akiwa amemwachia Beryl agizo moja, asikilize ni nani ataomba glasi ya pili. Pipa liko ukumbini, na nimewaona mliokuja na chupa zenu za chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomletea supu, na wenzake wa idara ya maji, ambao leo wamekuja wengi kuliko walivyowahi kufika kazini.

Limebaki moja, na wewe Beryl hulijui. Desmond hakuwa akisikia harufu. Mafua ya Januari 1987 yaliondoka nayo, akaficha kwa aibu, akaniambia mimi peke yangu, "Lionel, kuanzia leo pua yangu ni wewe, tafadhali usinitangaze," na miaka yote ile alipofumba macho shambani alikuwa akinisubiri nikohoe, mara moja achukue, mara mbili aache, nami nilikohoa mara moja kwenye gunia la kwanza, kila mwaka, hata huu wa mwisho, ili tuwahi baa, na hata ningetaka kunusa nisingeweza, kwa sababu sigara arobaini kwa siku zilishaiua pua yangu tangu mwaka 1979.

Lala salama, shemeji, udongo wa Kent ukupokee kwa upole kuliko tulivyokupokea sisi. Na wewe Beryl, tega sikio, glasi ya kwanza nitaomba mimi, na ya pili, na ya kumi, maana katika ukumbi mzima, mtu pekee asiyeisikia harufu ya bia hiyo ni yule aliyeichagua.